Istilahi za Baiskeli na Majibu ya Mdomo katika Mtihani wa Kiingereza: Mfano wa Chimala

Utangulizi

Tunapozungumzia istilahi, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye fani kubwa: sheria, utabibu, uhandisi, fedha. Safari hii tumechagua kitu kidogo ambacho kila msomaji anakijua, nacho ni baiskeli. Tumekichagua kwa sababu kinatuonyesha waziwazi jinsi upungufu wa istilahi katika lugha moja unavyoweza kumdhuru mtu anapotahiniwa katika lugha nyingine.

Tuutazame mji mdogo wa Chimala, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Upande mmoja limetandaa bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga. Upande wa pili umesimama ukuta wa milima, na barabara ya kwenda Matamba na Kitulo hupanda kwa kona nyingi kiasi kwamba watu wameipa jina la Hamsini na Saba. Katika mazingira hayo baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba magunia ya mpunga kwenda mashineni, kuni, ndoo za maji, wagonjwa, na wanafunzi. Kijana aliyekulia hapo anajua kurudisha cheni iliyochomoka, kuziba pancha, na kukisia kwa mkono kama tairi lina upepo wa kutosha.

Kijana huyo huyo, akiketi mbele ya mtahini na kuombwa azungumze kwa Kiingereza juu ya baiskeli, huenda akatoa sentensi tatu kisha akanyamaza. Mtahini, asiyejua chochote juu ya Chimala, ataandika kwamba msamiati wa mtahiniwa ni haba. Hukumu hiyo ni sahihi kwa kipimo cha mtihani, lakini si sahihi kwa ujuzi wa kijana. Makala haya yanakusudia kueleza pengo hilo linatoka wapi, na walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaweza kulipunguza namna gani.

Mtihani unataka nini

Mtihani wa Kiingereza unaowakabili Waafrika Mashariki wengi watafutao masomo au kazi ng'ambo ni ule uitwao IELTS, ulioanza kutumika kwa jina hilo mwaka 1989. Sehemu yake ya mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14, nayo imegawanyika katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtahini huuliza maswali mafupi juu ya maisha ya mtahiniwa: nyumbani, kazini, mambo ayapendayo. Katika hatua ya pili mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, huachiwa dakika 1 ya kujitayarisha, kisha hutakiwa kuzungumza peke yake kwa muda wa dakika 1 hadi 2. Katika hatua ya tatu mtahini humwongoza katika mjadala mpana zaidi unaohusiana na mada ile.

Alama hutolewa kwa mambo manne: ufasaha na mshikamano wa maelezo, utajiri wa msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Wasomaji waangalie kwamba ukweli wa habari yenyewe haumo katika orodha hiyo. Mtahini hapimi kama mtahiniwa anajua historia ya baiskeli. Anapima kama anaweza kukieleza kitu akijuacho kwa uwazi, bila kusitasita mno, kwa maneno yanayofaa. Kwa hiyo mada nyepesi za maisha ya kila siku, kama vile vyombo vya usafiri, hazikuwekwa ili kumtega mtu. Zimewekwa kwa kuwa inadhaniwa kila mtu ana la kusema juu yake.

Basi kwa nini wengi wanakosa la kusema? Tumeona sababu tatu. Ya kwanza, majina ya sehemu za baiskeli hayajatulia katika Kiswahili chenyewe. Ya pili, vitenzi vya Kiswahili huhamishwa vilivyo na kutiwa katika Kiingereza. Ya tatu, mtahiniwa hufundishwa kudharau habari za kwao na kukariri habari za jumla zisizo na mwenyewe. Tutazitazama moja baada ya nyingine.

Majina ya sehemu za baiskeli

Maneno ya baiskeli yaliingia katika Kiswahili kwa njia tofauti, na kila njia imeacha alama yake.

Kundi la kwanza ni la maneno ambayo lugha ilikuwa nayo tayari, yakaongezewa maana. Bora katika kundi hili ni usukani. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni neno la baharini: chombo cha kuongozea jahazi. Lilihama kutoka majini likaingia katika motokaa, kisha likaingia katika baiskeli, likabakiza maana yake ya msingi, yaani kitu cha kuelekezea chombo. Tandiko nalo limetokana na kitenzi tandika, na kabla ya baiskeli lilikuwa la punda na farasi. Kengele, mnyororo na taa ni wa jamii hiyo hiyo. Tunaweza kutia hapa pia njiti, jina ambalo mafundi wengi huita zile nyaya nyembamba zinazounganisha kitovu cha gurudumu na duara lake.

Kundi la pili ni la maneno yaliyochukuliwa kutoka Kiingereza na kuvikwa sauti za Kiswahili: breki, tairi, tyubu, cheni, pedeli, keria, madigadi, fremu, friwili, spoku, rimu, pampu, pancha. Haya ndiyo mengi zaidi, kwa kuwa chombo chenyewe kilifika pamoja na majina yake. Bomba, ambalo wengine hulitumia badala ya pampu, lilitangulia. Hilo tulilipata kwa Wareno.

Kundi la tatu ni la maneno yaliyoundwa kwa maelezo, kama vile mpira wa ndani, baiskeli ya kike na baiskeli ya kiume. Katika jozi hii ya mwisho tofauti iko kwenye umbo la fremu: ya kiume ina bomba lililolala kati ya tandiko na usukani, ya kike haina. Jina ni jepesi kukumbuka, ingawa haliwazuii wanawake wa Usangu kuendesha ya kiume wala wanaume kuendesha ya kike.

Kutokana na makundi hayo kitu kimoja huwa na majina mawili au matatu. Fundi mmoja husema cheni, kitabu husema mnyororo. Mwanafunzi husema siti, kamusi husema tandiko. Mmoja husema spoku, jirani yake spoki, wa tatu njiti. Hili si kosa la mtu yeyote. Ndivyo lugha hai zilivyo. Lakini athari zake kwa mwanafunzi ni kubwa. Mwalimu anayemfundisha neno la Kiingereza humweleza kwa neno la Kiswahili, na endapo neno hilo si lile alilolizoea mwanafunzi, huwa amefundishwa maneno mawili mageni kwa wakati mmoja. Aidha, zipo sehemu ambazo mwanafunzi hazitaji kabisa kwa jina. Husema "kile kidude cha nyuma" au "pale panapozunguka". Asiye na jina la kitu katika lugha aijuayo atalipataje katika lugha anayojifunza?

Kwa faida ya walimu tunatoa hapa orodha fupi, kila neno na maelezo yake. Haya si maamuzi ya kusanifisha, bali ni mapendekezo ya matumizi darasani.

Usukani: fimbo ya chuma iliyopinda, yenye vishikio viwili, ya kuongozea gurudumu la mbele.

Tandiko: mahali pa kukalia mwendeshaji.

Fremu: mabomba yaliyounganishwa kuwa kiwiliwili cha baiskeli.

Pedeli: sehemu ya kukanyagia; ziko mbili, moja kila upande.

Cheni au mnyororo: kiungo kinachopeleka nguvu za miguu kwenye gurudumu la nyuma.

Friwili: gurudumu dogo la meno lililoko nyuma, linalomwezesha mwendeshaji kuacha kukanyaga na baiskeli ikaendelea kwenda.

Njiti au spoku: nyaya zinazoshikilia duara la gurudumu.

Rimu: duara la chuma ambalo tairi huvishwa.

Tairi na tyubu: mpira wa nje na mpira wa ndani.

Keria: chuma cha nyuma cha kufungia mizigo au kumpakia mtu.

Madigadi: bamba lililopinda juu ya gurudumu, linalozuia tope.

Gololi: vipira vidogo vya chuma ndani ya kitovu, vinavyopunguza msuguano.

Katika kuchagua tumefuata kanuni ambazo wanaistilahi wa Kiswahili wamezitumia kwa miaka mingi: kutazama kwanza utajiri wa Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo lugha za kigeni. Hata hivyo kanuni hiyo haituruhusu kulifukuza neno lililokwisha kuota mizizi. Breki ni breki. Mtu akitunga neno jipya la breki leo atakuwa ameongeza jina la nne pale ambapo hata matatu yalikuwa mengi.

Vitenzi ndivyo vyenye kazi

Majina hufundishika kwa picha. Mwalimu huchora baiskeli ubaoni, akaonyesha kila sehemu, na baada ya juma moja darasa huwa limejua. Ugumu wa kweli umo katika vitenzi. Hapo Kiswahili na Kiingereza hukigawa kitendo kimoja kwa njia tofauti, na mwanafunzi ambaye hakuonyeshwa tofauti hiyo hufasiri neno kwa neno.

Tuanze na endesha. Katika Kiswahili mtu huendesha gari, huendesha baiskeli, huendesha punda, na hata huendesha mkutano. Mzizi ni mmoja, yaani kukifanya kitu kiende. Kiingereza kina neno moja kwa gari na jingine kwa baiskeli na farasi: gari huwa "drive", baiskeli huwa "ride". Msingi wa tofauti ni jinsi mtu anavyokaa. Anayekaa ndani ya chombo na kukiongoza hutumia la kwanza. Anayekaa juu yake amekipanda hutumia la pili. Mwanafunzi akielezwa hivyo mara moja, hatasema tena kwamba anaifanyia baiskeli kitendo cha gari.

Panda nalo lina mitego yake. Sisi hupanda baiskeli, hupanda mlima, hupanda basi, na mbegu vilevile. Mwanafunzi akichukua neno la Kiingereza la kupanda mlima akalitia kwenye baiskeli, msikilizaji ataona picha ya mtu anayeparamia chombo kama mti. Kiingereza husema "get on" kwa kupanda na "get off" kwa kushuka.

Mfano unaotufurahisha zaidi ni kukokota. Mtu afikapo mahali penye mwinuko, kama pale barabara ya Matamba inapoanza kona zake, hushuka na kuikokota baiskeli. Kukokota ni kuvuta. Kiingereza, kwa kitendo hicho hicho cha mtu huyo huyo, husema "push", yaani kusukuma. Je, nani amekosea? Hakuna. Anayetembea kando ya baiskeli ameshika usukani, na kwa mikono yake huivuta na kuisukuma kwa pamoja. Waswahili wakakitazama kitendo kutoka upande mmoja, Waingereza kutoka upande wa pili. Mfano kama huu humfundisha mwanafunzi jambo kubwa kuliko neno lenyewe: kwamba lugha haziyabandiki majina yale yale juu ya vitu vile vile.

Mingine tunaipitia kwa haraka. Sisi hupiga kengele. Kiingereza hakipigi, bali hutumia "ring". Sisi hujaza upepo. Kwa Waingereza kilichomo ndani ya tairi ni hewa, na upepo ni ule wa nje tu, hivyo kitendo huitwa "pump up". Sisi hufunga breki, wao huzitia. Sisi husema tairi halina upepo, wao husema limekuwa bapa. Sisi husema cheni imechomoka, nao wana "came off", ambayo mwanafunzi ataipata kwa urahisi akijua kwamba ni tofauti na cheni kukatika. Sisi humpakia mtu kwenye keria, na neno la Kiingereza la kupakia ni la mizigo. Mtu hupewa "a lift". Hatimaye tuna kukata kona. Hapa mwanafunzi akifasiri neno kwa neno atakuwa amesema kitu kingine kabisa, kwa kuwa Mwingereza akisikia kwamba mtu amekata kona huelewa kuwa amefanya kazi kwa ulipuaji.

Mwalimu ataona kwamba makosa haya si ya ujinga. Kila kosa lina sababu, na sababu yake ni sentensi sahihi ya Kiswahili. Kwa hiyo njia ya kulisahihisha si kumkataza mwanafunzi asifikiri kwa Kiswahili. Njia ni kuziweka sentensi mbili ubavu kwa ubavu na kuuliza: lugha hii imekitazama kitendo kutoka wapi, na ile kutoka wapi?

Sarufi na matamshi

Katika sarufi tutataja mambo mawili tu. La kwanza ni kiambishi cha mtenda. Sentensi ya Kiswahili "baba aliniazima baiskeli" ina baba, na pia ina a- ya kumwakilisha baba ndani ya kitenzi. Mwanafunzi akiifuata ramani hiyo husema "my father he", akimtaja baba mara mbili. Kiingereza humtaja mara moja. La pili ni tangu. Katika mazungumzo twaweza kusikia "tangu miaka mitatu" na vilevile "tangu mwaka 2015", na neno huwa lile lile. Kiingereza hutenga maneno mawili: "since" kwa mahali pa kuanzia, na "for" kwa urefu wa muda. Atakayeshika hilo atakuwa amejiepusha na kosa linalosikika mara nyingi.

Kwa upande wa matamshi, maneno ya mkopo ni shahidi mzuri wa mazoea ya midomo yetu. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, ndiyo maana Kiingereza cha breki, cheni na tairi kilipofika kwetu kilipata irabu mwishoni. Mwanafunzi hufanya hivyo hivyo anapozungumza: huongeza irabu ndogo pasipotakiwa. Jambo jingine ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hutamka baiskeli kwa kuikaza -ke-. Kiingereza huikaza silabi ya kwanza ya neno hilo. Mkazo ukiwekwa mahali pasipo pake, msikilizaji mgeni hulipoteza neno zima, hata kama kila sauti imetamkwa vyema. Tena, kwa kuwa lugha kadhaa za Kibantu hazitofautishi r na l, yafaa wanafunzi waliozizoea wapewe mazoezi ya jozi za maneno. Lafudhi yenyewe si kosa. Kinachopimwa ni kueleweka.

Kutoka neno hadi maelezo

Sasa tufike kwenye jibu lenyewe. Mtahiniwa ameombwa aeleze chombo cha usafiri kilichokuwa na manufaa maishani mwake. Jibu ambalo vitabu vya mazoezi vimelizoesha huwa la namna hii: baiskeli ni chombo muhimu sana, ina faida nyingi, kwanza ni rahisi kununua, pili haichafui mazingira, tatu huupa mwili mazoezi. Sarufi yake yaweza kuwa safi. Lakini jibu hilo halina mtu ndani yake. Laweza kusemwa na mtu yeyote, mahali popote, hata na asiyepata kuigusa baiskeli. Watahini hufunzwa kulitambua jibu lililokaririwa, na mtahiniwa hukwama mara orodha ya faida inapomalizika, kwa kawaida kabla ya dakika 1.

Tunapendekeza mpango wa maswali manne, ambao mwanafunzi ataukumbuka bila kuukariri: Ilikuwa ipi? Ilipatikanaje? Ilifanya kazi gani? Siku moja ilitokea nini? Kijana wa Chimala akiufuata atasema, tuseme, hivi:

"My uncle had a heavy black bicycle with a strong carrier at the back. Every harvest he used to take rice on it from the fields to the mill, and I walked behind, holding the sack. When the road was muddy he couldn't ride at all. We both had to push. Once the chain came off in the middle of the road, and a lorry had to stop for us."

Msomaji atazame jinsi jibu hili lilivyojengwa. Maneno magumu hayamo. Lakini keria imo, cheni imo, kuendesha na kukokota vimo, kila kimoja mahali pake. Kitenzi cha mazoea ya zamani kimetumika penye mazoea, na kitenzi cha tukio moja penye tukio. Tena msemaji hawezi kukwama upesi, kwa sababu kila sentensi inaita nyingine: lori lilitoka wapi, dereva alisema nini, mpunga ulimwagika au haukumwagika. Hapo ndipo ufasaha unapozaliwa. Mtu husema kwa mfululizo anapokuwa anakumbuka, na husitasita anapokuwa anatafuta la kubuni.

Katika hatua ya tatu maswali hupanuka. Kwa nini watu wanaacha baiskeli? Je, barabara ni salama kwa waendeshao baiskeli? Hapa pia Chimala ina mengi ya kutoa. Barabara kuu ya hapo hupitisha malori makubwa ya kwenda Zambia na Kongo, na mwendesha baiskeli hugawana nayo njia moja. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kubeba abiria, na hata jina lao, bodaboda, ni urithi wa baiskeli: lilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwabeba wasafiri kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Mtahiniwa anayejua habari hiyo ana jambo la kueleza ambalo mtahini huenda hajalisikia.

Si vibaya pia kuwa na habari chache za dunia. Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo wa kuendesha lile la nyuma ilipata umbo lake huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa kazi ya John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa siku ya baiskeli duniani. Habari kama hizi hutia chumvi katika mjadala. Zisichukue nafasi ya chakula chenyewe.

Kinachohusika hapa

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na mtihani wa Kiingereza? Jibu letu ni kwamba mtihani huo unaamua mambo ya watu wetu. Muuguzi aliyeomba nafasi ya kusomea ng'ambo, mwalimu aliyeomba ufadhili, ofisa aliyeteuliwa kwenda mafunzoni, wote hupimwa kwa alama hiyo, na nusu ya alama yaweza kumrudisha mtu nyumbani. Kinachopotea hapo si fedha za ada ya mtihani peke yake. Hupotea mtu mwenye ujuzi, kwa sababu ujuzi wake haukupata maneno.

Jambo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1967 Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi Tanzania Bara, lakini sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto huyajua mambo ya kwao katika lugha moja na kuulizwa juu yake katika nyingine, na baina ya hizo mbili hakuna daraja lililojengwa kwa makusudi. Hatusemi kwamba Kiingereza kiachwe. Tunasema kwamba daraja hujengwa kutoka pande zote mbili, na nguzo za upande wetu ni istilahi.

Mapendekezo

Kwa walimu: kabla ya kufundisha neno la Kiingereza, hakikisheni wanafunzi wamekubaliana juu ya jina la Kiswahili la kitu hicho. Mwalikeni fundi baiskeli darasani, alifungue gurudumu mbele yao na kutaja kila sehemu. Wanafunzi waeleze kwanza kwa Kiswahili namna ya kuziba pancha, hatua kwa hatua, ndipo waeleze kwa Kiingereza. Anayeshindwa mara ya kwanza hana shida ya Kiingereza. Ana shida ya maelezo, na hiyo hutibiwa kwa lugha yoyote.

Kwa wafasiri: mnapofasiri maelekezo ya vyombo au vijitabu vya usalama barabarani, chagueni jina moja kwa kila sehemu na mlishike hadi mwisho. Penye majina mawili yaliyozoeleka, litajeni la pili mara moja mwanzoni, kisha liacheni. Msifasiri vitenzi kabla ya kumwona mtu akitenda.

Kwa watumishi wa serikali watakaofanya mtihani: msitafute mambo makubwa. Tafuteni kitu mlichokishika kwa mikono yenu, mkieleze kwa utaratibu, na jizoezeni kwa sauti mkiwa na saa mbele yenu hadi dakika 2 zitimie bila kukatika.

Kwa wanaistilahi wenzetu: tusingoje fani kubwa tu. Orodha za vifaa vya useremala, vya uvuvi, vya jikoni na vya shambani bado zina majina mengi yaliyotawanyika. Kila orodha itakayokusanywa kutoka kwa mafundi wenyewe, huko Chimala, Makambako, Tunduma na kwingineko, itamsaidia mfasiri leo na kumsaidia mtahiniwa kesho. Wasomaji walio mikoani wana nafasi nzuri kuliko sisi ya kuianza kazi hiyo, na kibanda cha fundi baiskeli kilicho karibu ni mahali panapotosha kuanzia.